Kutoka kijiko cha mtindi hadi lenzi ya x100: mwongozo kwa anayeanza kusoma vijidudu maabara

"Sahani yangu imejaa ukungu, nimekosea wapi?" "Mbona bakteria wangu wote wametoka wekundu na kitabu kinasema zambarau?" "Otoklevu ya chuo imeharibika, nitumie nini?" Maswali haya hayaishi. Yanatoka kwa wanafunzi wa diploma ya maabara, kwa walimu wa biolojia wanaotaka darasa lione kitu halisi badala ya mchoro wa kitabuni, na kwa vijana wanaosindika maziwa ambao wangependa kujua ndani ya ndoo zao kuna nini. Ukiyafuatilia, karibu yote yana mzizi mmoja: mtu anafika mwisho wa kazi akiwa hana hakika kama kilichoota ndicho alichokipanda. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye hatua za mwanzo, zile ambazo wengi huzipita haraka ili wawahi hadubini.

Tutafanya kazi moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho: kuchukua mtindi, kuotesha bakteria wake kwenye agari (jeli ya kuoteshea), kupata koloni moja safi (kidoto kilichoota kutokana na bakteria mmoja), kisha kuipaka rangi ya Gram (inayotenganisha bakteria kwa aina ya ukuta wao) na kuiangalia. Ukiiweza hii, mikono yako iko tayari kwa sampuli nyingine nyingi.

Kwa nini mtindi, na mtindi upi

Anayeanza asioteshe kitu asichokijua. Usifute choo, kidonda, koo wala noti ya fedha na kukiweka kilichopatikana kwenye inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) ya nyuzi 37. Hilo ndilo joto la mwili wako, na vijidudu vinavyolipenda ndivyo vinavyoweza kukuumiza. Mkiotesha sampuli za mazingira shuleni, msizidi nyuzi 25 hadi 30, na sahani ikishafungwa kwa utepe isifunguliwe tena.

Mtindi tunaujua. Mtindi wa aina ya yogati hugandishwa na bakteria wawili wanaosaidiana: Streptococcus thermophilus, wa mviringo, na Lactobacillus bulgaricus, mwenye umbo la kijiti. Wote wawili hubaki zambarau kwenye rangi ya Gram. Kwa hiyo unajua jibu kabla ya kuanza, na jibu likija tofauti unajua kosa liko kwenye mbinu yako.

Chagua mtindi wa dukani uliotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto. Soma kibandiko: kuna mtindi unaopashwa moto tena baada ya kuganda ili ukae muda mrefu rafuni, na huo bakteria wake wamekufa. Kama pakiti inakaa miezi nje ya friji, iache.

Hapa nasisitiza. Usianze na maziwa mgando ya maziwa mabichi, hata kama ndiyo uliyokunywa tangu utotoni. Maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi au ngamia yanaweza kuwa na Brucella, bakteria wa homa ya kutupa mimba kwa mifugo, ambaye kwa binadamu huleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Kuganda peke yake hakumuui kwa uhakika, na ugonjwa huu ni miongoni mwa yale yanayowapata watu wa maabara mara nyingi. Mursik na maziwa mgando ya kienyeji yana bakteria na hamira za kuvutia sana, lakini hayo ni ya baadaye, yakiwa yametengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa na kukiwa na msimamizi.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Usiwashe moto kabla hivi vyote havijakaa mezani:

- Unga wa agari ya MRS. Herufi hizo ni za majina ya waliouunda mwaka 1960, de Man, Rogosa na Sharpe, na umetengenezwa mahususi kwa bakteria wa maziwa. Agari ya kawaida ya maabara itawaotesha kwa shida, au isiwaoteshe kabisa.
- Maji yaliyokenekwa, mizani, na chupa ya kioo ya mililita 500 yenye kifuniko.
- Sahani za petri za milimita 90, angalau 12.
- Otoklevu (chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke wa presha), au sufuria ya presha.
- Kichomeo cha Bunsen au taa ya spiriti.
- Lupu ya waya (waya wenye kitanzi kidogo nchani, wa kuchotea na kupandia bakteria).
- Inkubeta, na chupa pana ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na mshumaa mfupi mweupe usio na manukato.
- Slaidi, kibano, rangi ya kristali vayoleti, iodini ya Lugol, ethanoli ya asilimia 95, safranini, na mafuta ya hadubini.
- Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa.
- Ethanoli ya asilimia 70 ya kufutia meza. Ile kali ya asilimia 95 hukauka haraka mno na haiui vizuri kama ya 70, ambayo ina maji ya kuisaidia kupenya.
- Jik au dawa nyingine ya klorini. Ikiwa na asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji inakupa asilimia 0.5.
- Koti, glovu, na kalamu ya wino usiofutika.

Wengi huuliza kama wanaweza kutumia jelatini ya dukani badala ya agari. Hapana. Jelatini kwenye nyuzi 37 inageuka maji, na bakteria wengine wanaila kabisa. Tatizo hilohilo liliisumbua maabara ya Robert Koch mpaka mwaka 1881, Fanny Hesse, mke wa Walther Hesse aliyefanya kazi na Koch, alipopendekeza agari aliyozoea kuitumia jikoni kugandishia jeli. Agari huyeyuka karibu na nyuzi 85 na haigandi mpaka ishuke chini ya 40 hivi. Ndiyo sababu inakaa imara ndani ya inkubeta. Na mwani wa Zanzibar? Ule unaolimwa Paje na Jambiani unatoa karajinani, kitu cha jamii ya karibu lakini si agari. Mwani wa agari ni wa jamii za Gelidium na Gracilaria.

Kwanza: kutengeneza sahani

1. Soma kibandiko cha unga. Kwa MRS mara nyingi ni kati ya gramu 62 na 70 kwa lita moja, kutegemea mtengenezaji. Sisi tunahitaji mililita 250, kwa hiyo gawanya kwa nne. Kiasi hicho kinatosha sahani 12, mililita 20 kila moja.

2. Mimina maji kwanza, kisha unga, ukitikisa. Pasha taratibu huku ukizungusha chupa mpaka agari iyeyuke yote. Chupa isijae zaidi ya nusu, la sivyo itafurika ndani ya otoklevu na utashinda siku nzima ukikwangua.

3. Legeza kifuniko nusu mzunguko. Kifuniko kilichokazwa ni chupa iliyopasuka.

4. Takasa kwa nyuzi 121 kwa dakika 15. Ukitumia sufuria ya presha, acha mvuke utoke mfululizo kwa dakika kama 10 kabla ya kuweka kizito cha juu. Hewa iliyobaki ndani inazuia joto kupanda hata kama presha inaonekana sawa. Hesabu muda kuanzia presha inapotulia, na siyo pale ulipowasha jiko.

Walioko nyanda za juu wasikilize hili. Presha ya kPa 100 hivi inakupa nyuzi 121 ukiwa Tanga au Mombasa. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, presha hiyohiyo inakupa nyuzi kama 118. Tofauti inaonekana ndogo, lakini muda unaohitajika unakaribia kuwa mara mbili: acha dakika 30. Na soma maelezo ya sufuria yenyewe, maana zipo zisizofika presha hiyo kabisa. Ila usiitakase MRS mara ya pili. Ina sukari, na ikipikwa kupita kiasi hugeuka kahawia iliyoiva mno na chakula chake hupungua ubora.

5. Subiri presha ishuke hadi sifuri yenyewe. Usifungue kwa haraka, usimwagie maji baridi: chupa ya agari iliyo juu ya nyuzi 100 hulipuka ikichemka ghafla, na agari ya moto hushika ngozi.

6. Acha ipoe hadi nyuzi 50 hivi, pale unapoweza kuishika chupa kwa mkono mtupu bila kuirusha. Ukimimina ikiwa ya moto sana, kifuniko cha sahani kitajaa matone ya maji. Ukichelewa, itaganda vipandevipande ndani ya chupa.

7. Zima feni, funga madirisha, futa meza kwa ethanoli ya 70 na uiache ikauke kabisa ndipo uwashe moto. Ethanoli iliyolowa mezani inashika moto ambao mchana huuoni vizuri.

8. Mimina karibu na mwali. Inua kifuniko upande mmoja tu, kiasi cha mdomo wa chupa kupita, mimina, funga. Kifuniko kisilazwe mezani hata sekunde moja.

9. Zikiganda, zigeuze juu chini na uziache usiku kucha kwenye joto la chumba zikauke. Hatua hii watu wanairuka kuliko zote. Sahani yenye unyevu juu haitakupa koloni moja moja. Bakteria wataogelea na kuungana.

10. Chukua sahani moja isiyopandwa kitu, iandike TUPU, na uiweke inkubeta pamoja na nyingine. Ikiota chochote, kazi yako yote ya siku hiyo haina ushahidi, na ni afadhali ujue.

Pili: kupanda

Yogati kwa viwango vya Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) inatakiwa kuwa na bakteria hai wasiopungua milioni 10 kwa gramu. Lupu ya mikrolita 10 basi inabeba 100,000 au zaidi. Kazi ya kuchora mistari ni kuwapunguza hao mpaka mwisho wa mstari wabaki mmoja mmoja, kila mmoja akae peke yake na azae koloni yake. Ukilishika hilo, huna haja ya kukariri mchoro.

11. Andika kwenye kitako cha sahani, pembeni: jina lako, sampuli, agari, tarehe. Anayeandika kwenye kifuniko atakuja kukichanganya na kifuniko cha mwenzake.

12. Koroga mtindi vizuri. Unguza lupu ukiisimamisha wima ndani ya mwali mpaka waya wote uwe mwekundu, siyo ncha peke yake. Hesabu hadi 15 ipoe. Usiipepee, usiipulize.

13. Chovya, kisha ipakae mistari iliyobanana kwenye robo ya kwanza ya sahani. Shika lupu kwa wepesi kama kalamu, ikiwa imelala karibu sambamba na agari. Ukisikia inakwaruza, umebonyeza sana.

14. Unguza lupu tena. Ikiwa na maziwa, anza kwa kuiweka pembeni ya mwali ikauke kwanza. Ukiitumbukiza moja kwa moja katikati ya moto hurusha matone yenye bakteria hai. Ipoze, izungushe sahani robo, gusa robo ya kwanza mara mbili au tatu tu, halafu endelea kuchora kwenye eneo jipya bila kurudi nyuma.

15. Unguza, poza, zungusha. Rudia kwa robo ya tatu, ukiivuta kutoka ya pili.

16. Unguza kwa mara nyingine. Robo ya nne ichore mstari mmoja mrefu wa zigizaga uliolegea, na usiguse robo ya kwanza. Hapa ndipo koloni zako za kuaminika zitaota. Kosa ninaloliona zaidi ni mtu kutounguza lupu kati ya robo moja na nyingine. Anapata sahani nzuri ya kupendeza, yote imejaa, na hana hata koloni moja ya kutumia.

17. Unguza lupu kabla ya kuiweka chini. Daima.

Tatu: kuotesha na kusoma

18. Weka sahani juu chini ndani ya chupa pana, simamisha mshumaa pembeni mbali na plastiki, uwashe, funga kifuniko. Utazimika wenyewe baada ya muda mfupi, ukiacha oksijeni iliyopungua na kaboni dayoksaidi ya asilimia 3 hivi. Bakteria wa mtindi wanapendelea hewa ya namna hiyo. Mwali ukishazimika, ndipo uingize chupa inkubeta.

19. Otesha nyuzi 37 kwa saa 48. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta kuchungulia. Kama huna inkubeta, boksi la kuhifadhia barafu lenye chupa za maji ya uvuguvugu zinazobadilishwa linafaa, na miezi ya joto ukanda wa pwani hata kabati ya chumba inatosha, ila subiri siku tatu.

20. Soma sahani ikiwa imefungwa, ukiinua kuelekea kwenye mwanga. Robo ya kwanza itakuwa utando mzito. Robo ya nne utaona vidoto vya rangi ya krimu, vya milimita 1 hadi 2 au chini ya hapo, baadhi laini na mviringo, baadhi bapa na kingo zisizo sawa. Usiinuse sahani. Najua mafundi wazoefu wanajulikana kwa hilo, usiige.

21. Fanya jaribio la katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi na kutoa mapovu. Weka tone la haidrojeni peroksaidi kwenye slaidi, chukua koloni kwa kijiti cha mbao, changanya. Bakteria wa mtindi hawatoi mapovu. Mapovu yakichemka mara moja, hiyo ni koloni ya mgeni: huenda ni bakteria wa ngozi yako au wa vumbi. Kinachofanyika hapa kwa sekunde tano kinakuokoa na saa nzima ya hadubini.

22. Koloni isiyotoa mapovu, chagua jirani yake inayofanana nayo iliyokaa peke yake, na uichore upya kwenye sahani mpya, hatua ya 12 hadi 19, safari hii kwa saa 24. Ndiyo, mara ya pili. Koloni inaweza kuonekana moja ikiwa na wawili ndani, na mtindi una aina mbili tangu mwanzo.

Nne: rangi ya Gram

Mbinu hii ilitolewa na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka 1884, na bado ndiyo swali la kwanza maabara inaloliuliza kuhusu bakteria. Wenye ukuta mnene hushika zambarau. Wenye ukuta mwembamba huipoteza wakioshwa na ethanoli, kisha hushika rangi nyekundu inayofuata.

Andaa slaidi mbili. Ya pili ni ya kulinganishia, nayo ni rahisi kupata: kwangua ukoga wa meno yako mwenyewe kwa kijiti safi, karibu na ufizi. Usiuoteshe, upakae slaidi tu. Ndani yake kuna bakteria wa zambarau na wa waridi pamoja, na mara nyingi seli chache za shavu.

23. Weka tone dogo la maji safi kwenye slaidi. Gusa koloni kwa ncha ya lupu iliyounguzwa na kupozwa, changanya, tandaza hadi ukubwa wa sarafu. Maji yawe na ukungu hafifu tu. Ukiyaona meupe kama maziwa, umeweka mno, na hakuna rangi itakayokusomea utando mzito.

24. Acha ukauke wenyewe hewani. Ukiukausha juu ya moto ukiwa bado una maji, bakteria wanachemka na maumbo yanaharibika.

25. Ukishakauka, pitisha slaidi juu ya mwali mara tatu, upande wenye utando ukiwa juu. Ukiigusisha nyuma ya mkono, iwe ya joto bila kuchoma.

26. Funika utando kwa kristali vayoleti, dakika 1. Mwaga, osha kwa maji yanayotiririka polepole.

27. Iodini ya Lugol, dakika 1. Mwaga, osha. Iodini ndiyo inayoifunga zambarau ndani ya seli. Ukiisahau, wote watatoka wekundu.

28. Ethanoli. Inamisha slaidi na udondoshe tone baada ya tone huku ukiangalia yanayotiririka. Mwanzo ni zambarau nzito, halafu hafifu, halafu safi. Mara tu yanapokuwa safi, osha kwa maji papo hapo. Kwa kawaida ni sekunde 10 hadi 15. Ukitumia asetoni, ni sekunde 2 au 3 tu. Matokeo mengi mabaya ya Gram yanazaliwa hapa, kwa mtu aliyegeuka kuongea na mwenzake.

29. Safranini, dakika 1. Osha, simamisha slaidi ikauke, au igandamize taratibu kwa karatasi ya kunyonya. Usifute.

30. Anza na lenzi ya x10 upate mahali penye utando mwembamba na uweke picha vizuri. Sogeza lenzi kando, weka tone la mafuta, kisha lete ya x100 moja kwa moja bila kupitia ya x40, maana mafuta yakiingia kwenye ya x40 yanaiharibu. Pandisha kondensa (lenzi iliyo chini ya slaidi inayokusanya mwanga) juu kabisa na ufungue mwanga.

Anza kusoma slaidi ya ukoga. Tafuta seli ya shavu: ni kubwa, bapa, imezungukwa na bakteria. Kiini chake kikiwa cha waridi, ethanoli ilifanya kazi sawasawa na unaweza kuiamini slaidi. Kikiwa zambarau, hukuosha vya kutosha. Ukiridhika, hamia kwenye slaidi ya mtindi. Utaona ama vijiti vyembamba vya zambarau, vingine vimeungana ncha kwa ncha, ama vidoto mviringo vilivyojipanga wawili wawili na kwa mnyororo. Ukiona vyote viwili kwenye slaidi moja, koloni yako bado si safi. Rudi hatua ya 22.

Kuteketeza

Sahani zote zilizoota, hata ile TUPU, zirudi otoklevu kwa dakika 30 kabla ya kwenda jalalani. Huna, zizamishe kwenye klorini ya asilimia 0.5 usiku kucha, agari ikiwa imefunikwa kabisa. Klorini hudhoofika haraka ikikutana na uchafu mwingi, kwa hiyo iwe mpya ya siku hiyo. Usiweke kamwe kitu chenye Jik ndani ya otoklevu au sufuria ya presha, na usichanganye Jik na siki wala asidi yoyote: gesi yake inaumiza mapafu. Sufuria iliyotumika maabara isirudi jikoni.

Mambo yakienda mrama

*Hakuna kilichoota.* Pengine mtindi ulikuwa mfu, au lupu ilikuwa bado ya moto ulipoichovya. Panda tena ukihesabu hadi 20. Ikishindikana, badilisha mtindi kabla hujalaumu agari.

*Sahani TUPU imeota.* Angalia koloni ziko wapi. Zikiwa ndani ya agari, utakaso haukufika. Ongeza muda na hakikisha hewa inatoka. Zikiwa juu tu, ziliingia wakati wa kumimina: feni, dirisha, au kifuniko kilichoinuliwa sana.

*Ukungu wenye manyoya, kijani au mweusi.* Ni mbegu za hewani. Usifungue sahani hiyo, ukifungua utazisambaza chumba kizima. Iteketeze ilivyo, na safisha inkubeta kwa ethanoli, pamoja na trei ya maji iliyo chini ambayo hakuna anayeikumbuka.

*Koloni zimeota nje ya mistari.* Hizo siyo zako. Usizichukue hata kama zinapendeza.

*Koloni zimeungana kama maji yaliyomwagika.* Sahani ilikuwa na unyevu. Rudi hatua ya 9.

*Bakteria wa mtindi wametoka waridi.* Kama na slaidi ya ukoga haina zambarau hata moja, uliosha ethanoli kupita kiasi au iodini imechakaa. Iodini nzuri ina rangi ya kahawia ya chai ya rangi; ikififia na kuwa njano, tengeneza nyingine. Kama ukoga uko sawa na mtindi peke yake ndio una shida, bakteria wako wamezeeka. Wakishapita saa 48 kuta zao hudhoofika na rangi hutoka. Chukua wa saa 24.

*Kila kitu zambarau, hata seli za shavu.* Utando mzito au ethanoli kidogo. Tengeneza slaidi nyingine. Kuipaka upya ileile hakusaidii.

*Sioni chochote kwenye x100.* Hakikisha kwanza slaidi haijageuzwa. Kwaruza pembeni kwa ncha ya sindano: upande unaokwaruzika ndio wenye utando. Kisha angalia kama lenzi ina mafuta ya zamani yaliyokauka. Futa kwa karatasi maalumu ya lenzi, siyo kwa kona ya koti.

*Vidoto vinacheza na vina rangi ya ajabu.* Hizo ni chembe za rangi iliyoganda. Chuja kristali vayoleti kwa karatasi ya kichujio kabla ya kuitumia tena, na uandike tarehe kwenye chupa.